Kipa wetu kashika mpira, refa kawapa wapinzani kona: tukate rufaa au tunyamaze?

Nahodha wa Steji (Busia, upande wa Uganda)
Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za jioni. Jumapili timu yetu ya bodaboda ilicheza nusu fainali ya kombe la mtaa, bingwa anaondoka na fahali. Tunaongoza moja bila, dakika zimeisha. Kipa wetu kadaka krosi, kaanguka nayo, kainuka polepole kama mtu anayetafuta sarafu kwenye majani. Mara refa kanyoosha mkono juu, anahesabu kwa vidole, kisha filimbi: kona! Wakaichonga, kichwa, wavu. Kwenye penati wakatutoa.

Kamati inapokea rufaa hadi kesho jioni, ada elfu hamsini, hairudi. Vijana wameshaanza kuchanga. Mimi najua kipa akichelewesha ni faulo ndani ya boksi, na hata hiyo sijawahi kuiona ikipigwa huku kwetu. Hii kona imetoka wapi?

Beki Tatu
Imetoka mfukoni mwa mwenye fahali 😂

Filimbi ya Tororo
Beki Tatu, usiwashe moto. Nahodha, sheria ilibadilika Julai 2025. Zamani kipa alikuwa na sekunde 6, akizidisha wapinzani wanapewa mpira wa adhabu usiofungwa moja kwa moja. Marefa wengi tuliifumbia macho. Hebu fikiria mpira umewekwa hatua chache kutoka golini, timu nzima imejipanga mstarini: vurugu tupu. Sasa ni sekunde 8 na adhabu ni kona, upande ulio karibu na aliposimama kipa. Zile 5 za mwisho refa anazihesabu mkono ukiwa juu, ndicho ulichokiona. Si lazima amwonye kwanza.

Swali langu ni moja: alianza kuhesabu lini? Saa haianzi mpira unapogusa glovu. Inaanza refa akiridhika kwamba kipa ameumiliki na hakuna anayemsumbua. Straika akimsimamia mbele na kumfuata kila anakogeuka ili asiutoe, hiyo ni faulo yenu.

Nahodha wa Steji
Straika wao alimsimamia kidogo, halafu akarudi nyuma. Mkono wa refa ulipanda baadaye.

Filimbi ya Tororo
Basi alimsubiri kipa wako vizuri tu. Hapo huna kesi, ndugu yangu.

Mama Netiboli
Sekunde 8 ndizo mnalilia? Kwetu ukidaka una 3, na huruhusiwi kukimbia na mpira. Wasichana wangu wa P6 wanaliweza hilo bila rufaa. Kwenye basketi nako timu nzima ina 24 za kurusha, na ndani ya 8 za kwanza iwe imevuka nusu yake. Ninyi wa soka mna raha sana.

Jirani wa Malaba
Mama, raha ipo kweli: mguuni mchezaji anakaa na mpira hata dakika nzima, mwenye kuutaka aje aupokonye. Sasa Filimbi, kipa akiuweka chini auchezee kwa mguu, si anakwepa hizo 8?

Filimbi ya Tororo
Anazikwepa. Ila akishauachia haruhusiwi kuushika tena mpaka mchezaji mwingine auguse, na wapinzani wana haki ya kumvamia. Kwenye viwanja vyetu vya mashimo simshauri mtu.

Jirani wa Malaba
Nahodha, bado kuna mlango mmoja. Kikao cha kabla ya kombe kilisemaje? Kama kamati iliwatangazia sekunde 6 na adhabu ya zamani, kata rufaa hiyo. Kama haikusema hivyo, alichoamua refa uwanjani hakigeuki, na elfu hamsini zitaliwa bure.

Beki Tatu
Ziliwe zisiliwe, mimi ningekata. Waonekane wametetemeka kidogo.

Nahodha wa Steji
Nimempigia katibu wa kamati. Anasema sheria mpya zilisomwa, hata mfano wa kuhesabu vidole ulionyeshwa. Mwakilishi wetu alikuwa ameshatoka kuwahi abiria wa kwenda mpakani.

Pesa zinarudi kwa wenyewe leo hii. Filimbi, Jumamosi tunawania mbuzi wa mshindi wa tatu. Ukipita huku, umfundishe kipa hizo sekunde wewe mwenyewe. Mimi hanisikii, eti refa alinunuliwa.