Simbilisi anatamani kula ila chakula kinamtoka mdomoni. Meno ya mbele nayaona mazima

Fundi wa Ujiji
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni fundi cherehani hapa Ujiji, si mfugaji wa kusema mfugaji. Nina simbilisi watano chini ya meza ya kukatia vitambaa. Walianza wawili, mwanangu alipewa na mjomba wake wa Kasulu, wengine wamezaliwa hapahapa. Mkubwa wao ni jike wa miaka mitatu na ushee, anaitwa Liemba. Mtoto alimpa jina la meli kwa sababu siku anafika alikuwa na mimba, akitembea anayumba.

Sasa ni wiki ya pili. Nikimwaga majani anakuja mbio wa kwanza kama zamani, miluzi juu, anaokota jani la tembele, analizungusha mdomoni, halafu linatoka. Halijatafunwa, limelowa tu. Anaokota jingine, vilevile. Mara nne tano hivi, kisha anajikunyata pembeni manyoya yamesimama. Ukoka hata haunusi. Ndizi mbivu anakula, uji anaramba. Kuanzia kidevuni mpaka kifuani kumelowa saa zote, manyoya yameshikana kama pamba iliyomwagikiwa na gundi. Mwanzoni nilidhani ni maji ya chupa yake. Na mavi, ambayo zamani yalikuwa manene, sasa ni vipunje kama vya panya.

Jumatatu nilimweka kwenye mzani wa jirani yangu muuza dagaa: gramu 640. Uzito wake wa kwanza siujui, lakini kazi yangu ni kujua aliyepungua kabla hajavaa nguo, na huyu amepungua.

Nimemfungua mdomo. Meno manne ya mbele yapo, meupe, hayajavunjika. Yamekaa mshazari kidogo tu, kama mkasi uliolegea msumari.

Muuza dawa za mifugo mmoja ameniambia ninunue amoksilini ya watoto, ile ya unga, nimpe matone. Mwingine akacheka, "Fundi, chinja huyo, mchuzi wake mtamu." Mwanangu alikuwa amesimama palepale.

Nina mkasi mdogo wa kukatia nyuzi, mpya, makali yake bado. Nataka kesho asubuhi kabla wateja hawajaja niyapunguze yale meno ya mbele. Aliyewahi kufanya anielekeze nikate kiasi gani. Wanakula matembele, maganda ya viazi, ukoko wa ugali, mkate unaobaki kwenye chai, siku nyingine pumba. Nyasi kiangazi hiki ni shida.

Bibi wa Isevya
Mwangaluka, Fundi. Weka mkasi chini kwanza, ndipo usome.

Niko Tabora, nimefuga hawa viumbe tangu wanangu wako shule ya msingi, na sasa wajukuu ndio wanaowalisha. Hilo unalotaka kulifanya mimi nililifanya. Dume langu, jina lake Mzee Kobe, nikalipunguza jino lake kwa kikatia kucha nikijiona daktari. Likapasuka kwa urefu, kama ukuni mkavu, ufa ukashuka mpaka kwenye ufizi. Baada ya siku kadhaa akatunga usaha chini ya taya. Sitaki kueleza mwisho wake.

Sikiliza. Simbilisi ana meno 20. Wewe umeona manne. Yaliyobaki 16 ni magego, yako ndani kabisa, na mdomo wake ni mwembamba na mashavu yanaingia ndani, kwa hiyo hata umpanue vipi na tochi ya simu hutayaona. Meno yote hayo yanaota maisha yake yote. Hayakomi. Kinachoyapunguza ni kusagana yenyewe kwa yenyewe anapotafuna nyasi, maana nyasi ni ngumu na humlazimu kusaga muda mrefu. Ukoko wa ugali hausagwi, unalowa na kumezwa. Mkate ndiyo usiseme. Mnyama anashiba, meno hayajafanya kazi, yanaendelea kurefuka.

Magego ya chini yana tabia ya kuinamia ndani. Yakizidi, ya kushoto na ya kulia yanakaribiana juu ya ulimi mpaka yanaufunika kama daraja. Sasa fikiria ulimi umekaa chini ya daraja: utasukumaje tembele? Ndizi inapita kwa kuteleza, uji unapita, jani halipiti. Mate nayo hayamezeki, yanamwagika kidevuni. Na ule mshazari uliouona mbele ni ishara tu, taya linakaa upande kwa sababu ya nyuma. Ukikata ya mbele umekata ishara, ugonjwa uko palepale.

Pili, hiyo amoksilini usimpe. Nasema tena usimpe. Dawa za jamii ya penisilini mdomoni mwa simbilisi, yaani amoksilini, ampisilini na wenzake, pia erithromaisini na klindamaisini, huua vijidudu vyema vya tumboni mwake, vibaya vinashika usukani na sumu yake inamwondoa ndani ya siku chache. Kwa mtoto wako ni dawa, kwa Liemba si dawa. Zipo antibaiotiki anazozivumilia, lakini hizo akupimie daktari wa mifugo kwa uzito wake.

Tatu, vitamini C. Simbilisi ni kama sisi, mwili wake hauitengenezi. Ikipungua, fizi zinavuja damu, meno yanalegea, viungo vinauma, naye anaacha kutafuna, na hapo meno yanazidi kurefuka. Mzima anahitaji kama miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, mgonjwa hadi 30. Kwa gramu zako 640 ni kama miligramu 20 hivi. Kidonge cha miligramu 100 kigawe mara tano, saga kipande kimoja, changanya na maji kidogo, mpe mdomoni kwa bomba. Usikitie kwenye chupa yake ya maji, vitamini C hufa humo haraka na ladha ikibadilika anaacha kunywa. Usimpe vidonge vya vitamini mchanganyiko, A na D zikizidi zinamdhuru. Mapera yakipatikana huko kwenu, umepata duka la dawa. Pilipili hoho pia.

Sasa kumlisha, maana huyu hawezi kusubiri. Utumbo wake haupaswi kukaa bila kitu hata nusu siku, ukisimama kuuanzisha tena ni kazi. Chukua chakula cha sungura cha punje, kiloweke maji ya vuguvugu mpaka kiwe kama uji mzito wa mtoto. Kama hukipati, saga majani makavu kwenye kinu, chekecha, changanya na pumba kidogo na tembele lililopondwa. Bomba la sindano la mililita moja bila sindano yake, kata ncha kidogo, isugue isiwe na makali. Mfunge kwenye kipande cha khanga, kichwa tu nje, mkalishe kifuani kwako, wala usimlaze chali. Bomba liingie pembeni, kwenye lile pengo nyuma ya meno ya mbele, lielekee shavu la pili. Sukuma nusu mililita. SUBIRI. Utaona taya linazunguka, linazunguka, halafu kikoo kinapanda na kushuka. Ndipo usukume nyingine. Ukiharakisha kinaingia mapafuni.

Kila saa mbili tatu mchana, na usiku uamke angalau mara moja. Kwa uzito wake lenga kama mililita 40 kwa siku kwa kugawa, ukifika 50 vizuri zaidi. Futa kidevu kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza, ngozi ile ikikaa na unyevu inaoza.

Mpime kila asubuhi saa ileile, mzani uleule. Andika.

Kamba Nyuzi
Mnahangaika na panya. Mkoani kwetu hao ni kitoweo.

Mvuvi wa Gungu
Ni kitoweo na kwetu pia, hakuna aliyekataa. Anayetaka kula atamla mzima, si mgonjwa anayedondosha udenda.

Fundi, nyasi usiseme hakuna. Shuka bonde la Luiche, kandokando ya maji kuna mabichi hata mwezi wa nane. Kata ukoka na mabingobingo machanga. Kaa mbali na majaruba na bustani za mboga, wanapiga dawa pale. Mengine yaanike kivulini juu ya chanja siku mbili tatu yabaki na rangi ya kijani, ukiyaanika juani yanakuwa makapi. Unaweka gunia zima unasahau shida. Maganda ya mahindi mabichi na majani yake pia wanayapenda. Wale wanne wengine waanzishie leoleo, la sivyo utarudi hapa na kesi nne.

Mganga wa Ng'ombe
Mimi ni daktari wa mifugo, siko Kigoma. Bibi amesema mengi ya kweli, niongeze machache.

Magego hukaguliwa na kusagwa mnyama akiwa kwenye dawa ya usingizi, kuna kifaa cha kupanulia mdomo na kingine cha kusukuma mashavu, na jino husagwa kwa mashine ndogo, halikatwi. Ukipata daktari, muulize maswali mawili. Amewahi kumlaza mnyama mdogo, sungura au simbilisi? Na atampa dawa ya maumivu baadaye? Akikuambia umnyime chakula usiku kucha kama mbwa, mweleze kwa heshima kwamba simbilisi hatapiki na tumbo lake halitakiwi kukaa tupu, mdomo tu ndio usafishwe kabla.

Wengi wetu tuko kwenye ng'ombe na kuku, usishangae ukiambiwa hapana mara mbili tatu. Tafuta anayetibu mbwa na paka mjini. Asipopatikana, hospitali ya wanyama ya SUA Morogoro ipo, ila kwa gramu 640 safari ya treni yote hiyo ni mzigo. Afadhali daktari wa huko awapigie simu waelekezane.

Nikuambie ukweli: kama mizizi ya magego imeshaota kwenda ndani ya taya, kusaga kunampa nafuu, hakumponyi. Papasa mfupa wa taya la chini, ukikuta vinundu, au jicho linatoa machozi upande mmoja, mwambie daktari.

Fundi wa Ujiji
Wakuu, Bibi shikamoo. Nimekaa kimya siku kumi na mbili kwa sababu mikono ilikuwa na kazi.

Mkasi nimeurudisha kwenye nyuzi. Amoksilini sikununua.

Siku ya kwanza ya bomba aliingia mililita 9 tu, nyingine yote ilikuwa kwenye shati langu. Mwanangu ndiye aliyegundua kwamba ukimfunika macho kwa ncha ya khanga anatulia. Siku ya nne tukafika 38. Uzito ulishuka mpaka 605 halafu ukasimama.

Nilikataliwa na wawili. Wa tatu, anayetibu mbwa hapa mjini, alisema simbilisi amemfanya mara moja tu chuoni, ila akapiga simu kwa mwenzake wakaongea kama nusu saa mimi nimesimama na boksi. Alimlaza asubuhi. Baada ya kumpanua aliniita nichungulie kupitia kile kifaa cha masikio chenye taa. Bibi, lile daraja nimeliona kwa macho yangu. Gego la kushoto na la kulia yamekaribiana juu ya ulimi, pengo lililobaki sindano namba 14 ya cherehani isingepita. Ubavu wa ulimi una kidonda cheupe. Na mimi nilikuwa namwambia mtoto, "Liemba anaringa."

Vinundu kwenye taya hakuna. Alisaga, akampa dawa ya maumivu ya siku tano. Hakula peke yake mpaka siku ya tatu, niliendelea na bomba. Siku ya nne nikasikia chini ya meza krrr krrr, nikazima cherehani nisikilize. Bua la ukoka linaingia mdomoni kidogo kidogo kama uzi kwenye bobini.

Leo asubuhi gramu 690. Kidevu kikavu. Kunradhi kwa wateja wa sare za shule, zitatoka wiki ijayo.

Daktari alisema misuli ya taya imelegea kwa kukaa wazi muda mrefu, kuna watu huwashonea mkanda wa kushikilia kidevu. Nikasema hapo sasa umefika kwa mwenyewe. Nilichukua kipande cha fulana kinachovutika, nikapima, nikatoboa matundu mawili ya masikio, mshono bapa usimkwaruze. Kazi safi. Aliuvua ndani ya dakika kumi na wenzake wakautafuna. Daktari akasema maadamu anatafuna nyasi, tuuache.

Ameniambia nirudi baada ya wiki sita akague tena. Swali langu la mwisho: wiki sita nihesabu tangu siku ya kusagwa au tangu alipoanza kula?

Bibi wa Isevya
Marahaba. Tangu siku ya kusagwa. Lakini mzani ukishuka gramu 50, au ukiona tembele linatoka limelowa, usingoje kalenda, mpeleke. Na mkate wa chai mnyime hata akikupigia miluzi.