Kanada: ukiwa mzawa, mapokezi ya dharura wanakuona mlevi kwanza

Wakuu, humu kila ukifunguliwa uzi wa Kanada lazima aje mtu kusifia "matibabu bure". Bure kwa nani?

Septemba 2008, mjini Winnipeg, Brian Sinclair, mzawa (yaani wa wale wenyeji wa asili waliokuwepo kabla ya Wazungu) wa miaka 45 aliyekatwa miguu yote miwili, alifika idara ya dharura ya Health Sciences Centre kwenye kiti chake cha magurudumu. Alikuja na barua ya daktari wa kliniki: mpira wa mkojo umeziba. Ilikuwa kazi ya kubadilisha mpira na kumwanzishia dawa tu. Akakaa saa 34. Alitapika palepale kwenye kiti, akaletewa bakuli, basi. Watu waliokuwa wakisubiri wakaenda kusema huyu bwana hali yake mbaya. Wapi! Alipokuja kuangaliwa alikuwa ameshakufa muda, mwili umekakamaa. Wahudumu walipohojiwa, wengine wakasema walidhani amelewa, wengine walidhani hana makazi, amejihifadhi tu. Walidhani! Kumuuliza hakuna.

Hakutukanwa, hakufukuzwa. Walimwangalia, wakaamua moyoni yeye ni mtu wa aina gani, wakapita. Ripoti ya uchunguzi wa mahakama ikatoka 2014 na mapendekezo 63, huku familia yake ikiwa ilishajitoa njiani kwa sababu suala la ubaguzi liliwekwa kando.

Septemba 2020, Joliette, Quebec, Joyce Echaquan, mzawa wa jamii ya Atikamekw, mama wa watoto saba, alirusha mubashara Facebook wahudumu wakimtukana kitandani. Akafa siku hiyohiyo. Mchunguzi wa vifo, Géhane Kamel, akasema wazi kwamba ubaguzi ulichangia kifo hicho. Waziri mkuu wa jimbo wakati huo, François Legault, bado akakataa kwamba kuna ubaguzi wa kimfumo, yaani uliojengeka ndani ya taasisi zenyewe. Sasa kama si huo, ni ubaguzi upi?

Kinachoniuma zaidi ni sisi tuliohamia huku. Mtu hajamaliza mwaka, hajawahi hata kusalimiana na mzawa mmoja, tayari anakwambia "hawa ni walevi, wanapenda vya bure". Na wengi wetu ndio tunaofanya kazi wodini na kwenye nyumba za wazee! Ukiingia zamu na maneno hayo kichwani, akija mzawa anayumba kwa sukari au kiharusi, utamwitia daktari au utamwacha alale pombe zimtoke?

Na wale mtakaokuja kuniambia "wajitetee wenyewe": Sinclair alikuwa na barua ya daktari. Mlitaka alete nini kingine?