Runinga inapoteza seva ya minidlna baada ya dakika chache, na redio za mtandaoni ziingieje humo humo?

kebo_ndefu
Wakuu, salama? Kompyuta mpakato ya zamani yenye Linux imechomekwa kwa kebo kwenye ruta, anwani 192.168.1.10. Filamu na muziki vimo kwenye diski ya nje ya TB 2, navigawa kwa minidlna, programu ya kugawa filamu na muziki kwa vifaa vya nyumbani (DLNA). Runinga iko kwenye waifai ya ruta hiyo hiyo. Minidlna ikiwashwa upya, runinga inaiona papo hapo. Zikipita dakika tano hivi, seva haimo tena kwenye orodha ya runinga, ila filamu iliyokwisha anza inacheza mpaka mwisho. Pili, baadhi ya filamu zina picha lakini hazina sauti. Tatu, nataka redio na chaneli za mtandaoni zikae menyu moja na faili zangu. Nianzie wapi?

Mzee wa Ping
Mkuu, hapo kwenye filamu isiyokatika ndipo penye jibu. Runinga hutafuta seva kwa kutuma pakiti ya UDP kwenda 239.255.255.250, poti 1900. Hiyo ni anwani ya kundi. Ruta yenye IGMP Snooping (kufuatilia nani yumo kundini) hupeleka pakiti za namna hiyo kwenye tundu ambalo kifaa chake kimejiandikisha kundini tu. Minidlna hujiandikisha inapowaka, kisha lazima kiwepo kifaa cha kuuliza mara kwa mara nani bado yumo. Asipokuwepo muulizaji, baada ya sekunde kama 260 ruta hufuta jina, na wito wa runinga haufiki tena. Filamu yenyewe husafiri kwa HTTP, kifaa kwa kifaa, kwa hiyo haiguswi.

Thibitisha kabla ya kugusa chochote, kwa amri hii inayoonyesha pakiti zinazopita:

`sudo tcpdump -A -ni any udp port 1900`

Fungua orodha ya vyanzo kwenye runinga. Mara tu baada ya kuwasha minidlna utaona mistari ya M-SEARCH (wito wa kutafuta seva) kutoka anwani ya runinga. Rudia baada ya dakika kumi. Mistari ikiwa haiji, ruta ndiyo inayoimeza. Ikija bila kujibiwa, tazama faiwoli: UDP 1900 na TCP 8200 ziwe wazi.

Dawa ni kuwasha IGMP Querier, yaani yule muulizaji, kwenye ruta, au kuzima IGMP Snooping. Kuzima hakuna madhara nyumbani, isipokuwa kama mtoa huduma wako anakuletea chaneli za runinga kwa multikasti (pakiti za kundi kama hizo). Hapo waifai inaweza kufurika.

Salma_mitambo
Kuhusu sauti: minidlna hutoa faili kama ilivyo, haigeuzi kitu. Runinga nyingi hazisomi DTS, aina mojawapo ya usimbaji wa sauti. Angalia kwanza:

`ffprobe filamu.mkv`

Ukikuta "Audio: dts", geuza sauti peke yake, picha uiache:

`ffmpeg -i filamu.mkv -map 0 -c copy -c:a ac3 -b:a 640k mpya.mkv`

`-map 0` inabeba njia zote za sauti (kama lugha mbalimbali) na manukuu. Ukiisahau, ffmpeg inachagua njia moja ya sauti na nyingine zinabaki nyuma. Kwa kuwa picha inanakiliwa tu, hata kompyuta ya zamani inamaliza kazi hii bila taabu. Sikiliza faili mpya kwenye runinga yenyewe kabla ya kufuta ya zamani.

nzige88
Mitiririko ya mtandaoni si kazi ya minidlna. Weka Jellyfin, programu ya seva ya filamu na mitiririko, inasikiliza poti 8096. Kwenye sehemu ya Live TV ongeza orodha ya M3U (faili ya viungo) ya redio na chaneli zinazoruhusu kupokewa hivyo, na kama zina ratiba, ongeza faili ya XMLTV. Huduma za kulipia zenye ulinzi wa DRM (wa kuzuia kunakili) hazipiti humo kabisa. Hizo zitazame kwa programu zake.

Jihadhari na jambo moja. Kifaa kikishindwa kusoma faili, Jellyfin huigeuza papo hapo, na prosesa ya zamani ikigeuza picha ya HEVC (usimbaji mzito wa video) itaelemewa, filamu inagandaganda. Manukuu ya PGS pia huleta balaa hilo, maana ni picha, mara nyingi seva hulazimika kuyachapa juu ya video na kuisimba upya. Tumia manukuu ya maandishi ya SRT kila unapoweza.

kebo_ndefu
Ruta haina Querier, nimezima Snooping. M-SEARCH sasa zinaendelea kufika na seva haijapotea. Asante sana Mzee. Tatizo, runinga yangu haina programu ya Jellyfin. Niondoe minidlna?

nzige88
Iache itoe filamu. Kuanzia toleo la 10.9 DLNA ya Jellyfin ni programu-jalizi ya kuongeza mwenyewe. Ukiiweka juu ya minidlna, kila filamu itaonekana mara mbili, chini ya seva mbili. Kwa redio jaribu kivinjari cha runinga, `http://192.168.1.10:8096`. Kikiwa kizito, chomeka kisanduku cha runinga chenye programu ya Jellyfin, na ukiielekeza Jellyfin kwenye diski yako pia, utapata faili na redio menyu moja kama ulivyotaka. Hiyo 192.168.1.10 ihifadhi kwenye DHCP ya ruta (sehemu inayogawa anwani) isije ikabadilika. Halafu kwenye `/etc/systemd/logind.conf` andika `HandleLidSwitch=ignore` na uwashe kompyuta upya, la sivyo ukifunga kifuniko inalala na seva inapotea tena kwa sababu nyingine kabisa.