Ulinganisho: reguleta ya mafuta, kiboksi cha sensa au kuhariri programu ya ECU (kompyuta ya injini)? Throto wazi inasoma 13.7

Cheche_Nne
Wakuu, nisaidieni kuchagua. Injini ni lita 2, silinda nne, haina tabo (turbo). Hewa inapimwa na sensa ya waya moto iliyo kwenye bomba la kuingizia hewa. Nilifunga sensa ya lambda ya masafa mapana (LSU 4.9) kabla sijagusa kitu, na nikikanyaga mpaka mwisho (throto wazi) ilikuwa inasoma 12.7, yaani sehemu 12.7 za hewa kwa moja ya mafuta. Baadaye nikaweka bomba jipya la hewa lenye filta ya wazi, pamoja na manifoldi nyingine ya ekzosi. Sasa inasoma 13.7 kuanzia 3,500 RPM hadi 6,500, karibu mstari mnyoofu.

Njia nilizotajiwa ni hizi: reguleta ya kupandisha presha ya mafuta, kiboksi cha kubadilisha ishara ya sensa ya hewa kabla haijafika ECU, au kuhariri programu ya ECU yenyewe. Ipi ina maana kwa gari linalotumika kila siku?

Bomba_Refu
Reguleta, umemaliza. Mafuta yanayopita kwenye injekta (vali inayonyunyiza mafuta) hufuata kipeuo cha pili cha presha, yaani mzizi wake. Toka bari 3 nenda 3.5, unapata nyongeza ya asilimia 8. Wewe unatoka 13.7 kwenda 12.7, hiyo ni karibu asilimia 8 ileile. Spana moja na geji moja, hakuna kompyuta.

Lambda086
Mkuu Bomba_Refu, hesabu iko sawa, ila subiri kidogo. Cheche_Nne, kabla hujanunua chochote leta vitu vitatu: presha ya mafuta ukiwa umekanyaga mpaka mwisho (siyo injini ikiwa sailensa, bila kukanyaga), muda ambao injekta inakaa wazi ukifika 6,500, na trimu ya muda mrefu (asilimia ya mafuta ambayo ECU inaongeza au kupunguza kujisahihisha) ukienda mwendo wa kawaida. Bila hivyo tunapiga ramli.

Kagua pia gasketi ya hiyo manifoldi mpya. Tundu dogo la ekzosi kabla ya sensa huvuta hewa ya nje, na sensa itasema mchanganyiko ni mwepesi (mafuta pungufu) wakati injini inakula vizuri tu. Silinda ikikosa kuwaka ni vilevile: oksijeni isiyoungua inatoka nzima. Nimeona watu wanaongeza mafuta kwenye injini ambayo mchanganyiko wake ulikuwa tayari mzito (mafuta mengi mno) kiasi cha kuzima cheche, kila wakiongeza geji inazidi kusema mwepesi.

Mzee_wa_Jeti
Enzi zetu ungetoa jeti (tundu la kupimia mafuta) ya 120 kwenye kabureta ya Weber ukaweka ya 125, ukaenda zako. Na kwa taarifa yenu, tundu la milimita 1.25 lina eneo kubwa kuliko la 1.20 kwa asilimia 8 na nusu. Vijana mnazunguka sana.

Kanyaga_Taratibu
Mzee wangu shikamoo, lakini kabureta haikuwa inampangia distribyuta taimingi (wakati wa kupiga cheche) kwa kukisia hewa. Hapa ndipo shida ilipo, nadhani Lambda086 anaelekea huko huko.

Cheche_Nne
Haya, nimerekodi. Presha ni bari 3 juu ya presha ya manifoldi ya hewa, haitikisiki mpaka 6,500. Injekta inakaa wazi milisekunde 13.2 huko juu. Trimu ya muda mrefu ni +8 kwenye mwendo wa kawaida, zamani ilikuwa kati ya 0 na +1. Gasketi nimepima kwa moshi, hakuna uvujaji.

Lambda086
Safi sana, hii rekodi inazungumza.

Ukiwa 6,500, mizunguko miwili ya kreki (duru moja kamili ya injini) inachukua milisekunde 18.5. Injekta wazi 13.2 ni asilimia 71. Ukiongeza asilimia 8 unafika 77, bado uko chini ya ile 85 ambayo wengi hawapendi kuivuka. Kwa hiyo injekta si ndogo, na pampu haijachoka kwa sababu presha imesimama. Mafuta yapo. ECU ndiyo haiyaombi.

Na haiyaombi kwa kiwango kilekile kila mahali. Mwendo wa kawaida inafuata sensa ya oksijeni, kwa hiyo inajisahihisha, ndiyo hiyo +8. Ukikanyaga mpaka mwisho inaacha kufuata sensa na kwenda kwa jedwali lake. ECU nyingine hubeba trimu mpaka huko, yako ni wazi haibebi, ndiyo maana kosa lilelile linaonekana kama 13.7. Jedwali la mafuta halijabadilika. Kilichobadilika ni hewa ambayo ECU inadhani imeingia. Bomba jipya lina kipenyo gani pale sensa ilipokaa?

Cheche_Nne
La zamani 70 mm kwa ndani. Jipya 73.

Kanyaga_Taratibu
Mchawi amepatikana. Eneo limekua kwa karibu asilimia 9, hewa ileile inapita polepole kwenye waya, sensa inaripoti pungufu.

Bomba_Refu
Sawa, nakubali chanzo. Lakini hamjajibu hoja yangu. Bari 3.5 inaziba asilimia 8 kila mahali, trimu inarudi sifuri, throto wazi inarudi 12.7. Kuna tofauti gani?

Lambda086
Cheche ndiyo tofauti.

ECU inachukua hewa iliyopimwa, inaigawa kwa RPM, inapata mzigo wa injini. Mzigo huo unatumika kwenye jedwali la mafuta na kwenye jedwali la taimingi pia. Hewa ikisomwa pungufu kwa asilimia 8, taimingi inachukuliwa kwenye safu ya mzigo mdogo, na kwenye mzigo mdogo kiwanda huiweka mbele zaidi. Ukipandisha presha, geji ya lambda itakupa 12.7 nzuri kabisa huku cheche ikiendelea kupiga mapema kuliko inavyotakiwa kwa hewa iliyomo ndani ya silinda. Kwenye baridi hutasikia kitu. Siku ya joto, gia ndefu, mlimani, injini inaanza kugonga (mafuta yanajilipukia yenyewe ndani ya silinda), nawe unatazama 12.7 na kushangaa.

Namba moja kwenye geji, injini mbili tofauti.

Spana_Kumi
Naongezea upande wa kiboksi, maana hakuna aliyekigusa. Kwa Cheche_Nne kingefanya kazi, kwa bahati tu: angepandisha ishara ya hewa, na mzigo ungepanda nao, taimingi ingerudi nyuma inapostahili. Hatari yake ni kinyume chake. Mtu anaweka injekta kubwa halafu anashusha ishara ili mafuta yapungue. Hapo mzigo unaonekana mdogo na taimingi inakimbilia mbele. Kwenye gari la tabo hiyo ni kutoboa pistoni kwa mkopo. Tena kiboksi ni waya zaidi za kukatwa na kuungwa, na kila muungo ni mahali pa kutafuta shida baadaye.

Kanyaga_Taratibu
Reguleta isidharauliwe moja kwa moja. Injekta ingekuwa wazi milisekunde 17 kati ya hizo 18.5, kuhariri programu kusingemsaidia kitu, hakuna muda wa kuongeza. Hapo presha au injekta kubwa ndiyo dawa, halafu unaiambia ECU injekta zina ukubwa gani sasa. Na presha ikipanda pampu inatoa kidogo zaidi ya ilivyokuwa hapana, inatoa pungufu, kwa hiyo lazima ipimwe tena huko juu.

Mzee_wa_Jeti
Soma tena sentensi yako ya mwisho ukishakunywa maji. Ila nimekuelewa.

Cheche_Nne
Kwa hiyo nihariri programu? Na nilenge ngapi, 12.5 au 13? Kila mtu ana namba yake.

Spana_Kumi
Kwa injini isiyo na tabo kwenye petroli, nguvu kati ya 12.5 na 13.2 ni karibu tambarare, na kwenye daino (mashine ya kupima nguvu) tofauti hupotea ndani ya makosa ya kipimo. Anayekuambia 13.0 inashinda 12.7 kwa kishindo, muulize taimingi zilikuwa sawa? Mimi huchagua upande mzito kidogo kwa sababu mafuta ya ziada yanapoza mchanganyiko na kuzuia kugonga. Za tabo ni habari nyingine, watu wengi huwa kati ya 11.5 na 12.

Kitu kingine: soma kwa lambda, yaani uwiano wako ukigawanywa kwa ule wa kuungua sawasawa. Geji yako inazidisha lambda kwa 14.7 hata kama kuna ethanoli kwenye tangi, wakati petroli yenye ethanoli asilimia 10 inaungua sawasawa karibu na 14.1. Lambda 0.86 ni 0.86 kwa mafuta yoyote.

Lambda086
Kuhusu kuhariri: mafundi wengi wangefungua jedwali la mafuta ya throto wazi wakaongeza asilimia 8. Usikubali. Hiyo ni reguleta kwa kompyuta, taimingi inabaki palepale. Kinachohaririwa ni mkunjo wa sensa ya hewa (jedwali la kugeuza ishara yake kuwa kiasi cha hewa), kila nukta mara 1.08, ndipo mafuta na cheche vyote vinarudi.

Lakini kwa nini uhariri? Rudisha kipande cha 70 mm pale sensa inapokaa, bomba lililobaki na filta viache. Hakuna njia nafuu zaidi ya hiyo kati ya zote tatu ulizoleta.

Bomba_Refu
Hiyo ya nne haikuwemo kwenye swali, naomba rufaa.

Cheche_Nne
Nimerudisha kipande cha zamani na kupima kwenye daino. Trimu +1. Throto wazi 12.7 hadi 12.8 mpaka 6,000, halafu inapanda taratibu mpaka 13.1 ikifika 6,500. Taimingi imerudi nyuma nyuzi 2 ukilinganisha na rekodi ya juzi. Hiyo 13.1 ya juu niiache?

Lambda086
Filta ya wazi imekaa karibu na kona, si ndiyo? Hewa ikiwa nyingi inafika kwenye waya ikiwa imejipinda. Jaribu kwanza kuzungusha sensa kidogo kama kiti chake kinaruhusu, au weka bomba nyoofu fupi kati ya filta na sensa. Ikibaki hivyohivyo, sasa ndiyo uhariri: nukta mbili za mwisho za mkunjo, asilimia 2 tu, za chini usiziguse.