Bonasi za bahati kwenye gemu za zamani (Mario, Sonic nk), ni bahati kweli au kuna mchezo hapo?

Chalii_Ngarenaro:
Wakuu habari za jioni. Niende moja kwa moja maana sista anasubiri majibu na mimi ndo mtuhumiwa.

Iko hivi, nilinunua kale kastiki ka gemu ka kuchomeka kwenye HDMI, duka la simu tu hapa mjini Arusha, kana gemu za zamani kibao. Dogo wa sista yuko darasa la tatu, nikamfungulia Mario 3 tukawa tunapokezana jioni baada ya homuweki. Sasa kule kwenye ramani huwa kinatokea kialama cha N chenye shupaza, ukikiingia unawekewa karata 18 zimelala kifudifudi, unafunua mbili mbili utafute zinazofanana, ukikosea mara mbili unatolewa nje. Mimi napata jozi mbili tatu natolewa. Dogo anafagia meza nzima anaondoka na nyota na laifu zote, halafu siyo siku moja, karibu kila kikitokea!! Nikimuuliza anacheka tu.

Sista juzi kapita sebuleni kaona vile vitu vinazunguka vya mwisho wa leveli akasema hilo ni dubwi (zile mashine za sloti za mtaani), namfundisha mwanae kamari, nizime. Nikamwambia ni bahati ya kawaida tu ya gemu, akanijibu "na dubwi je?" nikakosa la kusema.

Kwa hiyo naulizia, hizi bonasi ni bahati kweli au gemu lina mpangilio wake? Na dogo ana jicho la tatu au kuna kitu ameshtukia?

Mr_Mikeka:
Mkuu huyo dogo naomba nimkodi wikiendi moja tu aniangalizie mkeka 😂😂

MzeeWaKaseti:
Umenikumbusha mbali aisee. Sisi wa Majengo Moshi tulikua kwenye vibanda vya gemu, TV chogo, pedi zimekufa batani, unalipia kwa dakika na mwenye kibanda kashika saa kama refa.

Dogo hana jicho la tatu. Zile karata 18 hazichanganywi kila mara. Gemu lina mipangilio 8 tu ya hizo karata basi, linachagua mmojawapo. Kwa hiyo ukishajua mpangilio fulani, ukifunua karata moja au mbili za mwanzo unajua uko kwenye upi na zilizobaki unazitaja kwa majina. Halafu jambo lingine ambalo wengi hawalioni, ukitolewa nje meza haiondolewi, siku kikitokea tena kile kialama unaendelea pale ulipoishia, jozi ulizokwisha kula zimeshatoka. Na chenyewe hakitokei ovyo, kinakuja kila ukifikisha pointi 80,000, kwa hiyo mtoto anayeua sana maadui na kuokota kila kitu anakiona mara nyingi kuliko wewe unayekimbilia mwisho. Wewe na yeye hamjafanya mazoezi sawa.

Kile kiboksi cha mwisho wa leveli (uyoga, ua, nyota vinabadilika haraka haraka) nacho kina ujanja. Ukija na spidi yote bila kusita ukakirukia, mara nyingi mno unapata nyota. Nyota tatu ni laifu 5, maua matatu laifu 3, uyoga mitatu laifu 2, ukichanganya unapewa 1. Vijana wa kibandani walikuwa wanaita mkono mzuri, kumbe ni kukimbia tu.

Zile nyumba za Toad (yule kichwa uyoga) zenye makasha matatu ndo karata tatu ya stendi, tofauti yake ni kwamba hapa hakuna anayekuibia, lolote utakalofungua ni lako. Na kuna nyumba ambazo makasha yote matatu yana kitu kilekile, we unakaa unafikiria kushoto au kulia bure tu.

Chalii_Ngarenaro:
Mipangilio MINANE? Mkuu una uhakika?? Ngoja nimfuate huyu mtoto.

Mangi_wa_Rau:
Ongezea na Alex Kidd in Miracle World ya Sega Master System, 1986. Ile ya jiwe karatasi mkasi na mabosi wenye vichwa vya ajabu, kichwa jiwe, kichwa mkasi, kichwa karatasi. Ukishindwa unakufa, laifu inaenda. Sisi tulikuwa tunafunga macho tunaomba Mungu kabla ya kubonyeza, mpaka akaja jamaa mmoja kutoka Pasua anacheza huku anaongea na watu, hata hatazami. Kumbe wale mabosi wana mfuatano wao uleule kila mchezo! Bosi wa kwanza atakachotoa leo ndicho alichotoa mwaka jana. Na kwenye gemu kuna mpira wa kioo unaokuonyesha bosi anawaza nini, yaani waliotengeneza wenyewe walikuwekea njia ya kuchungulia, watu wengi wala hawakuutumia.

MzeeWaKaseti:
Mangi ile siyo bonasi ile, ni bosi. Bonasi ni kitu ambacho usipokipata leveli inaendelea.

Mangi_wa_Rau:
Haya mwalimu. Ila bahati ni bahati.

Dada_wa_Sakina:
Mimi niko upande wa sista. Nyie mnaongea kana kwamba mama wa watu hajui anachokiona. Hapa mtaani watoto wanatumwa unga wanaishia kwenye dubwi na sarafu ya mia mbili mkononi, sheria inasema chini ya miaka 18 marufuku lakini mashine iko nje ya duka hapo na kiti cha kupandia. Mtoto akishazoea nyumbani kwamba vitu vikizunguka unabonyeza halafu unapewa zawadi na kimuziki, akiiona ile ya dukani ataiona ngeni?

Na msiseme ni sadfa tu vinafanana. Nintendo ilianza 1889 Kyoto ikitengeneza karata za Kijapani za hanafuda, ndo ilikuwa biashara yao miaka mingi kabla hata ya TV. Sega nayo mizizi yake ni kampuni iliyokuwa inapeleka mashine za sloti kwenye kambi za jeshi la Marekani. Kwa hiyo hizo shupaza na hayo magurudumu hayakuanguka kutoka mbinguni. Kuna Mario ya pili ile ya kung'oa majani, kila leveli ikiisha unawekewa sloti kabisa, cherri tatu laifu 5. Ile ukimwonyesha bibi yangu atakwambia ni nini bila kuuliza.

Fundi_Fremu:
Dada hapo kwenye historia nakuunga mkono asilimia zote, hata Mario Land 2 ya Game Boy ina kasino kwenye ramani, mashine nne, ya bei ndogo sarafu 30 na ya juu 999, na unaweza ukatoka kapa. Ila kwenye ufanyaji kazi kuna tofauti kubwa, ngoja nieleze maana ndo kazi yangu kidogo (naandika programu).

Mashine za zamani zile hazina bahati ndani yake. Ni hesabu. Kuna namba inabadilishwa kwa fomula ileile kila fremu (yaani kila picha moja moja inayopita kwenye skrini), na gemu likihitaji "bahati" linaichungulia namba hiyo ilivyo muda ule. Ukiwasha mashine inaanza pale pale ilipoanza jana. Kwa hiyo kinacholeta utofauti ni wewe, umebonyeza fremu ipi. Kuna watu wanacheza kwa kupanga kila fremu kwenye emuleta (programu inayoiga mashine ya zamani), hao huwaoni wakikosa bonasi hata moja, siyo kwamba wana nyota kali, wanasubiri fremu mbili tatu wanabonyeza.

Jaribu mwenyewe, hako kastiki ndani yake ni emuleta, kana menyu ya kusevu. Sevu kabla hujaingia kwenye bonasi, bonyeza, angalia matokeo, rudisha, bonyeza ukichelewa kidogo. Matokeo yatabadilika. Rudisha ubonyeze muda uleule kabisa (kwa mkono ni ngumu kweli), unapata kilekile.

Sasa sloti ya Mario 2 aliyosema dada, picha zinapita kwa mpangilio mmoja, ukiwa na sikio la mdundo unalenga cherri ya kwanza ambayo peke yake ni laifu 1, mbili ni laifu 2. Dubwi la nje halikupi hiyo. Pale ubonyeze polepole, ubonyeze kwa hasira, programu imeshaamua na imepangwa ili mwisho wa mwezi mwenye mashine abaki na chenji yako. Mario hana mwenye mashine wa kumlipa. Ndo maana wa kwanza unaweza kumsoma ukammaliza na wa pili huwezi.

MzeeWaKaseti:
Fundi umesema fremu, hapo ndo nilikuwa nashindwa kueleza vijana. Zile za kaseti za kwetu zilikuwa za mfumo wa TV wa PAL, fremu 50 kwa sekunde, wakati za Japani na Marekani ni 60. Mtu amezoea mdundo wa kaseti ya kibandani akija kwenye emuleta anabonyeza anapitwa, analalamika gemu la siku hizi limechakachuliwa. Halijachakachuliwa, linakimbia tu.

Dada_wa_Sakina:
Sawa fundi nimekuelewa kwenye hesabu. Mtoto wa miaka tisa haoni hesabu, anaona inazunguka. Hapo hujanijibu.

Fundi_Fremu:
Hapo kweli sijajibu.

Chalii_Ngarenaro:
Wakuu nimerudi. Dogo amekiri baada ya kuahidiwa chipsi. Ana daftari!! Amechora vyumba sita kwa tatu, ua kaandika U, nyota kaandika N, uyoga kachora kabisa na macho. Ana mipangilio mitano, nilipomwambia iko minane kaniuliza "mitatu mingine iko wapi anko" kwa sauti ya mtu anayedai hela yake. Sista kaliona daftari, kalipekua, kakaa kimya, halafu kasema kumbe huyu anaweza kukaa chini akaandika kitu bila kupigiwa kelele.

Basi hukumu ya muda: karata ruksa, vya kuzunguka bado vinajadiliwa. Sasa naulizia nini cha kumwekea, kuna Sonic 2 humo na Yoshi's Island, zina hayo mambo?

Mangi_wa_Rau:
Sonic 2 ina Casino Night, jina tu linatosha sista kurudisha waranti. Kuna vijumba unaingia, magurudumu matatu yanazunguka yenyewe we umening'inia tu. Jakpoti tatu ni pete 150, hapo na laifu unapata maana ukipita pete 100 unaongezewa. Ila zikija sura tatu za Eggman (adui wa Sonic) inakushukia mimiba inakula pete 100. Huna kitu cha kulenga pale, unakaa unapokea. Mimi naipenda ile kanda kwa muziki na zile springi, sloti zenyewe napita mbali nikiwa na pete nyingi.

Dada_wa_Sakina:
Hiyo sasa angalau inafundisha kitu, inakula 😄 Ukitoa ile kasino ya Mario Land 2, nyingine zote zinatoa tu, hakuna hata moja inayomwonyesha mtoto kwamba unaweza ukaingia na kitu ukatoka bila kitu. Kama lazima acheze basi bora hiyo.

MzeeWaKaseti:
Dada basi Yoshi's Island utaipenda, ya 1995. Mwisho wa leveli kuna duara la maua, kadiri ulivyookota maua mengi njiani ndivyo nafasi ya kupata bonasi inavyopanda, kwa hiyo hata huko kuingia tu unaingia kwa jasho. Zipo za kukwangua, za kufunua karata na ukikutana na ya Kamek (yule mchawi adui) umepoteza ulichokusanya, kwa hiyo kila karata unajiuliza niishie hapa au niendelee. Halafu ipo ruleti, na pale unaweka laifu zako mwenyewe mezani. Siyo za zawadi, zako, ulizozihangaikia. Nimeona vijana wakubwa wanaweka zote wanatoka na aibu.

Chalii_Ngarenaro:
Hiyo ya kuweka laifu zako namwonyesha sista kwanza au naanza na dogo?

MzeeWaKaseti:
Mpe sista pedi acheze yeye. Mwambie aanze na laifu chache, na usimwambie habari ya kusevu.

Mr_Mikeka:
Na akishinda?

Dada_wa_Sakina:
Akishinda stiki inahamia chumbani kwake, Chalii anunue nyingine.