Mjadala: Mwajuma ni jina la Kiislamu, kwa nini mabinti wanaambiwa walibadilishe?

Assalaam alaykum ndugu zangu.

Naleta suala hili kwa sababu limeanza kutia mtafaruku majumbani, na kwetu limeshafika. Mdogo wangu kapata binti Ijumaa alfajiri. Mama akasema mtoto aitwe Mwajuma, awe somo yake marehemu bibi yetu. Wazazi wakakataa. Walikuwa wameambiwa na mwalimu wa madrasa kwamba Mwajuma "si jina la Kiislamu, ni la Kiswahili tu", basi watafute la Kiarabu. Siku ya saba mbuzi wa akika akachinjwa, mtoto akanyolewa, na jina lililotangazwa ni walilolipata kwenye simu usiku wa kuamkia siku hiyo. Maana yake walipoulizwa, baba alisema moja na mama akasema jingine.

Msimamo wangu nausema mapema: Mwajuma ni jina la Kiislamu kabisa, na anayelipinga kwa kusingizia dini anaizushia dini kitu ambacho haikukisema.

Ni kweli Mtume (s.a.w.) aliwabadilishia majina baadhi ya watu. Lakini tuangalie aliyabadilisha yapi. Mwanamke aliyeitwa Aaswiya, yaani muasi, alimwita Jamila. Aliyeitwa Barra alimwita Zainab, kwa kuwa jina la kwanza lilikuwa la kujitakasa. Alichotazama ni maana. Umar, Hamza na Khadija walipewa majina yao Makka kabla Uislamu haujaja, katika jamii iliyokuwa ikiabudu masanamu, na hakuna aliyeambiwa alitupe. Sasa tuipime maana ya Mwajuma: binti aliyezaliwa Ijumaa. Siku ambayo hadithi sahihi inasema ndiyo bora kuliko zote zilizochomozewa na jua, siku aliyoumbwa Adam, na ambayo Kurani ina sura nzima kwa jina lake, ya 62. Ubaya uko wapi hapo?

Wanaosema kuita watoto kwa siku na miezi ni mila ya Waswahili peke yao, waende Misri. Huko Rajabu, Shabani na Ramadhani wamejaa tele, na Juma wanamtamka Gomaa. Sheikh Ali Gomaa alikuwa Mufti Mkuu wa Misri kuanzia 2003 hadi 2013, na jina hilo ni hili hili letu la Juma. Oman na nchi nyingine za Ghuba, Juma na Khamis ni majina ya kawaida. Kama mufti wa nchi yenye Al-Azhar, chuo kikubwa cha elimu ya Kiislamu, hakuona haya, mtoto wa Pangani aone haya ya nini?

Kuna hoja nyingine nimeisikia mara nyingi, eti Mwanajuma, ambalo Mwajuma ni kifupi chake, maana yake ni mwana wa Juma, na Ijumaa haizai. Ndugu zangu, mwanafunzi hakuzaliwa na funzo, wala mwanachama na chama. Na isitoshe, Pwani yetu Mwana lilikuwa pia neno la heshima kwa mwanamke. Mwana Kupona binti Mshamu, aliyetunga utendi wake mwaka 1858 kumuusia bintiye Mwana Hashima, alikuwa mcha Mungu ambaye tungo zake zinaanza na kumalizika kwa dini. Kisiwa cha Pate kilitawaliwa na Mwana Khadija katika karne ya 18. Wanawake hao walikuwa Waislamu wa karne na karne. Leo tunataka kuwaambia kwamba hawakujua kuitana?

Kwangu mimi dini si sababu halisi. Sababu ni aibu ya mjini. Sote tunaujua ule utani wa "Mwajuma Ndala Ndefu", jina linalotupwa kwa kila mwanamke wa uswahilini anayeonekana hajasoma, mgomvi wa bombani, mpenda umbea. Utani huo umelifanya jina la bibi zetu kuwa tusi, na mzazi anamwogopea mwanawe asije akachekwa darasani. Hofu hiyo naielewa, tena inaniuma. Ila tuseme hivyo hivyo ilivyo, tusiivishe kanzu. Ukimkinga mtoto na kejeli, sawa, ni uamuzi wako wa mzazi. Ukimwambia kwamba bibi yake aliishi miaka yote, akaswali na kufunga, kwa jina lisilo la Kiislamu, hapo umemdhulumu maiti.

Sisemi kila jina la zamani lishikiliwe. Siti binti Saad, yule mwimbaji wa taarabu, aliyezaliwa Fumba, Unguja, karibu na mwaka 1880, alipewa jina la Mtumwa. Aliliacha, akawa Siti, na ni kwa jina hilo alirekodi sahani zake za santuri Bombay mwaka 1928. Nani angemlaumu? Shida, Mashaka, Tabu, nayo nakubali yajadiliwe, kwani mtoto anabebeshwa siku mbaya ya wazazi wake maisha yote. Mwajuma hana mzigo huo. Mwanaidi hana. Mwanahamisi hana.

Halafu tuzungumzie usomo, maana ndicho kitu kinachopotea na watu hawakioni. Mtoto akipewa jina la bibi, baba yake hamwiti jina hilo kavu kavu; anamwita "mama", kwa kuwa mama mzazi hatajwi jina. Kwetu nimemsikia mzee mzima akimbembeleza mtoto wa miaka miwili, "mama njoo ule", na mtoto anajiona mkubwa. Kwenye Idi ana nguo kutoka kwa somo yake, na akikosa hapigwi mbele yake. Jina la kwenye simu halina somo. Hakuna ajuza atakayemwita akamwambia, "Mimi ndiye wewe."

Jina hili limesafiri pia. Ukienda Ujiji, ukavuka hadi Buyenzi pale Bujumbura, ukaingia Kasongo kule Kongo, utawakuta akina Mwajuma. Uislamu ulipofika bara na misafara, jina nalo lilifika. Kwa watu wa huko, kumwita mtoto Mwajuma ilikuwa ni kutangaza kwamba nyumba hii ni ya Waislamu.

Wanaopinga nawakaribisha, walete aya au hadithi, si "nimesikia". Na walimu wa madrasa mliomo humu nawauliza kwa heshima: darasani mwenu wamo akina Juma, Hamisi, Shabani na Ramadhani, na baadhi yenu mna majina hayo hayo. Ni yupi kati yao mliyewahi kumwambia alibadilishe? Kama hayupo, nielezeni kwa nini ameambiwa Mwajuma peke yake.