Mrejesho: vitabu vya maelekezo ya mashine, karatasi au dijitali?

Wakuu, niliuliza kama tunaweza kuacha kuchapisha vitabu vya maelekezo kwa mashine tunazouza Ulaya, tubandike msimbo wa QR tu. Asanteni kwa majibu.

Inawezekana, ila si kwa kukurupuka. Kanuni mpya ya mashine ya Umoja wa Ulaya, namba 2023/1230, inaanza kutumika rasmi 20 Januari 2027. Inaruhusu maelekezo ya kidijitali, lakini mtumiaji lazima aweze kuyapakua, kuyahifadhi na kuyachapisha, na yabaki mtandaoni muda wote ambao mashine inatarajiwa kudumu, usiopungua miaka 10. Mteja akiomba karatasi wakati wa kununua, anapewa bure ndani ya mwezi mmoja. Na kama mashine inaweza kutumiwa na mtu asiye wa fani, taarifa muhimu za usalama bado ni karatasi.

Hiyo miaka 10 ndiyo iliyotutoa jasho. Stika ya kwanza tuliibandika karibu na pampu. Wiki tatu tu, mafuta yameila, simu haisomi kitu. Sasa tunatumia kibati kilichochongwa kwa leza. Kiungo nacho tumekihamishia kwenye tovuti yetu, maana cha awali kilipitia huduma ya bure ya kufupisha viungo, nayo ikafungwa (aibu, najua).

Mpiga chapa hatujamuaga. Kurasa nane za usalama bado zinaingia kwenye boksi, ndani ya mfuko wa nailoni.